Maji Yaliyovua Gomesi

Nilikuwa mkali sana kwa magunzi ya mahindi. Hilo naliandika kabla ya mengine yote, ili anayesoma ajue anashughulika na mtu wa namna gani. Kwenye gati letu dogo upande wa Luzira, mtu akitupa gunzi majini nikiwa karibu, aliijutia siku yake. Nilimfuata mpakiaji mmoja kutoka kwenye mifuko ya saruji hadi langoni, gunzi lake likinichuruzikia mkononi, nikamwambia alichukue akalitupe sebuleni kwa mama yake. Chupa za plastiki, kaveera, yaani mifuko ya nailoni, makopo ya rangi, vyote nilivipigia kelele. Wenzangu waliniita Bwana Afya. Jina hilo nililipenda, ingawa nilijifanya limeniudhi.

Nilifika Kampala kutoka Kisumu kufuata kazi, kama Wakenya wengi mjini humu. Jumapili tunakutana kanisani, siku nyingine tunakutana kwenye matatizo. Kampuni iliyoniajiri, ambayo sitaitaja kwa kuwa imekwisha kufa na maiti hasemwi vibaya, ilikuwa na zabuni ya kupokea taka za meli. Watu wakisikia taka za meli hudhani ni maganda ya ndizi na mabaki ya ugali. Yapo hayo pia. Lakini taka inayoninyima raha mpaka leo ni maji ya ngama. Ngama ni lile tumbo la chini kabisa la meli, ambamo maji yanayovuja, mafuta ya injini, dizeli na grisi huteremka na kukaa pamoja. Kila meli inayo. Yasipotolewa yanajaa, na yakijaa lazima yaende mahali.

Mahali penyewe palikuwa tangi langu. Meli ikifunga gati, fundi mkuu wa injini alinitafuta, tukaunganisha mpira, pampu ikanguruma, na maji meusi yakapanda kutoka ngama hadi kwenye tangi la chuma nyuma ya kibanda changu. Kisha nilijaza karatasi, nikaigonga mhuri wa "Imepokelewa", na nakala moja ikabaki kwenye kitabu changu. Bila karatasi hiyo meli haikuruhusiwa kuondoka. Tangi likikaribia kujaa nilipiga simu, na lori la kunyonya likaja kulikausha. Ilikuwa kazi nzuri. Nasema bila mzaha, ilikuwa kazi nzuri na nilikuwa nikiifanya vizuri.

Pembeni ya gati, ukivuka kipande cha matete, kulikuwa na mwalo wa wavuvi wa mukene, wale dagaa wa ziwani ambao kwetu tunawaita omena. Mitumbwi ilirudi alfajiri, na akina mama wakanunua, wakaosha, wakaanika juu ya vichanja vya nyavu. Mmoja wao alikuwa mama wa Kinubi, mjukuu wa askari aliyeletwa na Waingereza kutoka Sudan, na Kiswahili alikikuta nyumbani kwao tangu kuzaliwa. Wengine pale mwaloni walikiokota jeshini, sokoni au kwa Wakongo. Sote tulimwita Hajati ingawa hakuwa amekanyaga Makka. Alisema nia anayo, kilichobaki ni ndege tu.

Hajati alikuwa na desturi moja. Kabla ya kutia beseni lake majini, alichuchumaa ukingoni, akaweka kiganja juu ya nyusi, akayatazama maji kwa upande, kuelekea jua linapochomoza. Mafuta yaliyoelea ukiyatazama kutoka juu huyaoni. Ukiyatazama kwa upande, jua likiwa bado chini, yanatoa rangi: zambarau, kijani, dhahabu. Akiziona alisonya, akainuka, akawatangazia wenzake.

"Leo maji imevaa gomesi."

Gomesi ni lile vazi la heshima la akina mama wa Uganda, lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana, na siku ya arusi huwa linang'aa mpaka macho yanauma. Basi Hajati akisema maji yamevaa gomesi, hakuna aliyebisha. Wanawake wote walijitwika samaki wao wakatembea hadi ng'ambo ya mawe, mwendo wa robo saa, kuoshea huko. Shingo ziliuma, lakini samaki walikuwa salama. Na mimi nikiona wamebeba mabeseni nilijua kuna mpira umevuja mahali, nikaenda kuutafuta huku nikitukana. Naweza kusema Hajati alikuwa mkaguzi bora kuliko yule aliyelipwa.

Mkono wake wa kulia alikuwa mkaza mwana wake, msichana wa Masaka aliyeolewa na mwanawe wa pekee, dereva wa malori ya Juba. Kijana huyo alikuwa barabarani wakati wote, kwa hiyo mwaloni tuliwajua wawili hao tu, mama na mkwe, na mtoto mchanga mgongoni mwa mkwe. Msichana ndiye aliyelinda vichanja dhidi ya nzi na dhidi ya kaloli, wale korongo wa Kampala wasio na haya ambao husimama karibu na chakula chako kama mashemeji waliokuja bila kualikwa. Alikuwa na ufagio wa matawi, na alikuwa na mdomo. Mimi aliniita kaka, akaniambia buti zangu za mpira zinanifanya nionekane muhimu. Hajati alimcheka, kisha akamkaripia, kisha akamchukua mtoto ili msichana apate kula. Niliwaona hivyo kila asubuhi.

Kisha lori likaacha kuja.

Nilipiga simu Jumatatu, wakasema kesho. Nikapiga kesho yake, wakasema kesho. Baada ya wiki mbili tangi lilijaa hadi shingoni, na mapipa niliyoyaweka pembeni nayo yakajaa. Nikampigia msimamizi wangu mjini. Akaniambia nitumie akili, kwani si nilisoma? Siku hiyo kulikuwa na meli ya mizigo kutoka Mwanza, na fundi wake mkuu, mzee mpole aliyenusa tumbaku, akaja kibandani kwangu akaketi bila kukaribishwa.

"Ndugu yangu," akasema, "siwezi kuondoka na tumbo limejaa. Na bila karatasi yako siwezi kuondoka kabisa. Sasa nifanyeje, niyanywe?"

Hapo ndipo akili yangu ikafanya kazi, na laiti isingefanya. Asubuhi ile nilikuwa nimefua ovaroli langu. Lilikuwa limelowa grisi, nikalitia sabuni ya unga nyingi, na grisi yote ikaondoka, maji yakabaki meupe kama ya mchele. Nikamwambia mzee: tutie sabuni kwenye ngama. Mifuko miwili, mitatu. Tuyakoroge vizuri, tuyaache kidogo, halafu tuyatoe upande wa ziwani. Hakutakuwa na rangi. Mzee alinitazama, akapiga chafya ya tumbaku, akasema haijui sayansi hiyo lakini anaondoka saa nane.

Nilijua tunamwaga. Sitajidanganya hapa. Lakini nilijiambia tunamwaga kitu kilichokwisha oshwa. Sabuni inatoa mafuta kwenye sufuria, kwa nini isiyatoe kwenye maji? Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti, na hesabu yangu ilikuwa ya mtoto anayefuta sakafu kwa kusukuma uchafu chini ya mkeka. Nikaijaza karatasi, nikagonga mhuri. Imepokelewa.

Maji yalitoka yakiwa na povu, povu likapotea, na ziwa likatulia bila hata doa. Kesho yake alipita mkaguzi. Huyu alikuwa na njia moja ya kukagua: alisimama ukingoni mwa gati, mikono nyuma, akainama kidogo. Akanigeukia akiwa na furaha.

"Leo ziwa limeamka vizuri," akasema, akaandika.

Habari ikasambaa baina ya mafundi wa meli, kama habari yoyote inayopunguza kazi. Baada ya muda meli zilikuja na katoni zao za sabuni. Mimi nikabaki kugonga mhuri. Lori nalo sikulidai tena, na msimamizi wangu, aliyeona simu zimekoma, akanisifu kwa kujituma. Magunzi ya mahindi niliendelea kuyapigia kelele, tena zaidi ya zamani.

Hajati aliendelea kuchuchumaa kila asubuhi, kiganja kwenye nyusi. Wiki ya kwanza hakuamini. Aliinuka, akasogea hatua kumi, akachuchumaa tena. Wiki ya pili alitia beseni lake. Ya tatu akavuka matete akaja hadi kibandani kwangu, amejifunga gurbaba, lile shuka la Kinubi, ya maua mekundu, amebeba bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Mukenya, siku hizi maji imevua gomesi," akasema. "Wiki hizi shingo yetu imepumzika. Umefanya kazi, walahi. Kula."

Walikuwa mukene wa kukaanga, na limau, na pilipili. Alisimama akinitazama, kama mama yeyote anavyosimama mtoto akionja. Nikatia wachache mdomoni. Nyuma ya limau palikuwa na kitu, si kikali, kama harufu ya chupa ya mafuta ya taa iliyooshwa ikatiwa maji ya kunywa. Ulimi wangu ulijua mara moja. Nikameza.

"Watamu, Hajati," nikasema. "Watamu sana."

Akafurahi, akasema bakuli nitamrudishia kesho. Alipoondoka nilikula wote waliobaki. Sijui kwa nini. Nadhani niliona kuwamwaga kungekuwa dhambi kubwa zaidi.

Haukupita mwezi, magunia yakaanza kurudi kutoka Nateete. Hajati alikuwa na wanunuzi wake wa miaka mingi katika soko la huko, watu waliomwamini mpaka wakapokea magunia bila kufungua. Sasa walifungua, wakanusa, wakarudisha. Walisema samaki wananuka kemikali. Na katika nchi hii, samaki akinuka kemikali hakuna anayeuliza habari ya meli. Kila mtu ana jibu tayari: mwenye samaki ametia dawa. Wako wavuvi waliowahi kutia sumu majini, na wako wachuuzi wanaopulizia samaki dawa ya wadudu ili nzi wasitue, na watu walikwisha kuugua, na wengine kufa. Neno hilo likishikwa na mwalo mmoja, mwalo mzima unasusiwa. Waliooshea ng'ambo ya mawe walikuwa wachache siku hizo, lakini aliyeanika samaki wengi na kuwauza mbali alikuwa Hajati, kwa hiyo jina lililotajwa sokoni lilikuwa lake.

Wazee wa mwalo wakaitisha kikao, Jumamosi baada ya mitumbwi kupakuliwa. Wakaniita nami. Mwenyekiti wao, Muganda mmoja mnene mwenye sauti ndogo, aliniwekea kiti cha plastiki mbele ya watu wote.

"Mukenya, wewe ndio mutu ya maji," akasema. "Hajati anasema samaki yake ni safi, labda maji ndio mbaya. Biashala yetu inahalibika. Soma kitabu yako, tusikie."

Ninaukumbuka uzito wa kitabu kile mapajani mwangu. Hajati alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wa wanawake, na alinitazama bila wasiwasi wowote. Alikuwa na hakika kwamba mtu aliyelishwa naye hatamwangusha. Nami nilikuwa nikiwaza mambo mawili kwa pamoja: kwamba nikisema kweli nitafukuzwa kazi kabla ya jua kutua, na kwamba labda kweli si mafuta yetu, labda kuna mtu amepulizia dawa, kwa nini isiwe hivyo? Mtu mwoga hakosi labda.

Nikasoma. Meli hii, tarehe hii, maji ya ngama, imepokelewa. Meli ile, imepokelewa. Mhuri, mhuri, mhuri. Nilipomaliza nikafunga kitabu, na hapo ningeweza kunyamaza. Lakini kuna aibu ambayo humfanya mtu aongeze chumvi.

"Na kama hamniamini," nikasema, "nendeni mkayatazame wenyewe. Mtazame anavyotazama Hajati."

Wakaenda. Watu wazima ishirini na kitu walichuchumaa ukingoni, viganja juu ya nyusi. Hajati naye akaenda. Alitazama muda mrefu kuliko wote. Maji yalikuwa hayana hata doa, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimeyavua gomesi.

Akarudi akaketi. "Maji ni safi," akasema taratibu. "Mukenya amesema haki. Basi shida iko nyumbani kwangu."

Siyo kwamba walimfukuza. Yeye ndiye aliyejihukumu, na hilo ndilo linalonichoma. Siku ile ile alikwenda nyumbani akapekua, na chini ya kitanda cha mkwe wake akapata mkebe wa dawa ya mbu. Nyumba gani Luzira haina mkebe wa dawa ya mbu, na mbu wale wa ziwani? Lakini mtu anayetafuta kosa nyumbani kwake halikosi. Jumapili nilikuwa nikirudi kutoka kanisani nilipowakuta kwenye vichanja, mkebe ukiwa mkononi mwa Hajati.

"Mama, ile ni ya mbu, ya mtoto," msichana alikuwa akisema. "Mimi sijapulizia samaki. Walahi, mama. Ni maji. Onja maji tu."

"Maji imetazamwa," Hajati akasema. "Kila mutu ametazama. Mukenya ana kitabu."

Msichana akageuka akaniona. Sikuwa mbali, labda hatua kumi na tano, nimevaa suti yangu ya Jumapili na Biblia kwapani. "Kaka," akaniita. "Kaka, sema." Hakuniita tena mtu mwenye buti muhimu. Nikainua mkono kama mtu anayesalimia kwa mbali, nikashika njia ya kilimani.

Kijana aliye Juba alipigiwa simu. Akasema kama mke ameharibu jina la mama yake, arudi kwao. Msichana akaondoka Jumatano, mtoto mgongoni, sanduku mbele ya mwendesha bodaboda. Hajati aliuza vichanja vyake mwezi uliofuata. Alisema hawezi kukaa mahali ambapo watu wanaziba pua anapopita. Nilisikia amehamia Kyebando, anauza kabalagala, zile chapati nene za ndizi na mhogo, asubuhi, kando ya duka la ndugu yake.

Baada ya miezi mitatu kampuni ilitupeleka kwenye mafunzo ya siku moja. Mwalimu alikuwa mama kijana, mwembamba, mwenye subira. Alitia maji kwenye chupa ya kioo, akatia mafuta, yakaelea juu. Akaongeza sabuni, akatikisa. Maji yote yakawa kama maziwa.

"Mafuta yamekwenda wapi?" akatuuliza.

Mimi nilikuwa nimekaa safu ya mbele, kama kawaida ya watu wanaojiona wamejua.

"Hayajaenda popote," akasema. "Mlichofanya ni kuyakata vipande vidogo msivyoviona. Yakiwa juu, samaki yuko chini. Sasa mmempelekea mpaka mdomoni. Na mmemnyima binadamu dalili yake."

Nilitoka nje nikajifanya nakwenda msalani. Nilisimama nyuma ya ukumbi ule na nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Dalili yake. Hajati hakuwa na mashine wala mhuri, alikuwa na macho yake na jua la asubuhi, na yalimtosha miaka yote. Mimi sikumchafulia maji tu. Maji yalikuwa yakichafuka siku zote, na alijua la kufanya. Nilimpofusha.

Sabuni niliikomesha wiki ile ile. Niligombana na mafundi, nikakataa kugonga mhuri mpaka lori lije, meli mbili zikachelewa, na msimamizi akanifokea kwenye simu mpaka nikaishika mbali na sikio. Lori likaja hatimaye. Katika vurugu hizo mpira mmoja ukapasuka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi ziwa likavaa gomesi. Mkaguzi akasikitika sana. Aliandika kwamba hali ya gati imeharibika ghafla, akanipa barua ya onyo. Niliipokea kwa mikono miwili.

Lakini Kyebando sikwenda. Hii ndiyo sehemu ya hadithi ambayo sina sabuni ya kuifunika. Kosa la kwanza nilikuwa na woga na ujinga. La pili nilikuwa na ukweli kamili kichwani, na nauli mfukoni, na Jumamosi zangu zote. Nilisema nitakwenda baada ya Krismasi. Nilisema nitakwenda mtoto wangu akirudi shuleni. Nikiwa na shughuli upande wa kaskazini nilizunguka njia ndefu nisipite Kyebando. Miaka ikaenda hivyo, mingi kuliko ninavyotaka kuihesabu. Kampuni ikafa, ikaja nyingine, nikaajiriwa tena, kwenye kibanda kile kile.

Kilichonisukuma ni swali dogo. Asubuhi moja mama kijana, mgeni mwaloni, alikuja hadi gatini na beseni lake kichwani. "Muzee," akaniita, kwa maana nimekwisha kuwa mzee, "maji iko sawa leo?" Alikuwa tayari kuniamini. Nikamshika mkono nikamchukua ukingoni, nikachuchumaa naye, goti likilia, nikamwonyesha jinsi ya kuweka kiganja na kutazama kwa upande. Nikamwambia asimuulize tena mtu yeyote, hata mimi. Jumamosi ile nikapanda bodaboda hadi Kyebando.

Nilimkuta pale pale nilipoambiwa zamani, kando ya duka, nyuma ya karai la mafuta. Amepungua mwili. Aliponitambua alipiga makofi ya furaha, akasema, "Banange, Mukenya wangu!" akanivutia kigoda. Akachukua kikombe, akakisuuza, akakigeuza kwenye mwanga, akakitazama ndani kwa upande, ndipo akatia chai. Nilitaka kuinuka niondoke.

Nikamwambia yote. Ngama, lori, mifuko ya sabuni, mhuri, chupa ya mwalimu. Sikujua kuyapanga vizuri, nilirudi nyuma na mbele, lakini alinielewa. Karai lilikuwa likichemka na kabalagala zikaungua, hakuzigeuza. Nilipofika mwisho aliuliza jambo ambalo sikulitarajia kuwa la kwanza.

"Kwa hiyo yule mutoto wa watu hakupulizia?"

"Hakupulizia, Hajati."

"Aliapa mara tatu," akasema. "Mara tatu mbele yangu."

Alifuta mikono, akatoa simu ndogo kutoka kwenye mkunjo wa gurbaba, akabonyeza kwa muda mrefu akitafuta. Alikuwa bado na namba ile. Akaweka sauti kubwa, akanipa. "Sema," akaniambia. "Wewe mwenyewe."

Msichana alipokea. Hakuwa msichana tena, sauti ilikuwa ya mama wa nyumba yake. Nilijitaja kuwa mimi ni kaka wa gatini, mwenye buti, na nikasema niliyokuja kuyasema. Nilisikia upande wake kuku, redio, na mtu akifagia. Fagio likasimama.

"Mama iko hapo?" akauliza. "Anasikia?"

"Anasikia."

"Mwambie sina neno na yeye. Nilisamehe zamani, ili nilale. Mwambie mutoto amekuwa mrefu, anasoma vizuri. Lakini niliolewa hapa. Mutoto ana jjajja mwingine sasa, mama ya bwana yangu, ndio anaita jjajja. Huyu wa Kampala hamjui. Mwambie asikuje kumchanganya." Kisha akasema kwaheri kwa adabu, akakata.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, nami niliyasikia maneno hayo tangu utotoni bila kuyafikiria. Hajati aliirudisha simu kwenye mkunjo wa nguo. Nilimsubiri anitukane. Niliyataka matusi yale, ningeyabeba hadi Luzira kwa shukrani. Badala yake aliziopoa kabalagala zilizoungua, moja moja, akaziweka pembeni kwa ajili ya kuku. Ndipo akanitazama.

"Ile siku nilikuletea mukene kwa bakuli," akasema. "Ulikula?"

"Nilikula."

"Ladha ulisikia?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Miaka imepita, na mtu wa umri wangu anaruhusiwa kusahau.

"Nilisikia," nikasema.

Aliinua kikombe changu, kilikuwa bado na chai nusu. Akaimwaga kwenye mfereji, akakisuuza, akakigeuza kwenye mwanga na kukitazama kwa upande kama alivyozoea, halafu akakifunika juu ya vingine.

"Kale, haya," akasema. "Rudi kazini."